Saratani ya tezi dume: nichague upasuaji au mionzi?

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Nina umri wa miaka 66, na mwezi uliopita niliambiwa kwamba nina saratani ya tezi dume. PSA yangu, yaani kipimo cha damu cha tezi dume, ni 11.4. Katika vinyama 12 vilivyochukuliwa, 4 vilikutwa na saratani yenye alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wake, ya 3+4, na picha ya mifupa haikuonyesha kwamba imesambaa. Daktari wa upasuaji anashauri tezi yote iondolewe. Daktari wa mionzi niliyeonana naye Taasisi ya Saratani Ocean Road anashauri vipindi 20 vya mionzi, siku tano kwa juma, pamoja na sindano za kupunguza homoni za kiume kwa miezi 6. Kila mmoja alinieleza kwa upole na kila mmoja alinishawishi, nikarudi nyumbani na mashaka zaidi kuliko nilivyoondoka. Jirani naye ananihimiza niyaache yote nitumie dawa za mitishamba.

Niseme wazi kwamba siogopi kifo peke yake. Naogopa kuvaa pampasi, na naogopa unyumba wetu kukoma. Mke wangu anasema uamuzi ni wangu, lakini najua kwamba usiku halali. Waliopita njia hii wanieleze yaliyowapata.

Mkulima, Arusha

Pole sana, Mwalimu. Nilifanyiwa upasuaji mwaka 2021 nikiwa na miaka 61. Nilikaa na mpira wa mkojo siku 14, na ulipotolewa nilivaa pampasi kwa miezi mitano. Sasa hutoka matone machache ninapokohoa au ninaponyanyua ndoo. Nguvu za kiume zimerudi nusu, kwa msaada wa vidonge. Shahawa hazitoki tena kabisa, na hilo hakuna aliyenieleza mapema. Ningelijua ningemwandaa mwenzangu.

Muulize daktari wako amekwisha kufanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na kama mishipa ya fahamu iliyo kandokando ya tezi inaweza kuachwa salama. Anza sasa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ile unayoikaza unapozuia mkojo, usisubiri hadi baada ya upasuaji. Mimi nilituliza moyo kwa kujua kwamba PSA ikipanda baadaye, mionzi bado ingewezekana, ilhali kuiondoa tezi iliyokwisha kupigwa mionzi ni kazi ngumu ambayo si madaktari wengi huikubali.

Kijana wa Tanga

Shikamoo Mwalimu. Kuhusu mitishamba, baba yangu aliitumia kwa mwaka mzima. Tulipomrudisha hospitali kwa maumivu ya mgongo, saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa, na hakukuwa tena na suala la kuchagua kati ya upasuaji na mionzi ya kuponya. Nakuomba usimsikilize jirani yako katika hili.

Muuguzi wa wodi ya saratani

Shikamoo baba. Uingereza ulifanyika utafiti mkubwa wa wanaume 1,643 waliopangwa kwa kura katika makundi matatu: upasuaji, mionzi na kufuatiliwa kwa vipimo. Matokeo ya miaka 15, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba takriban 97 katika kila 100 hawakufa kwa saratani hiyo, kundi lolote walilokuwamo. Kwa waliofuatiliwa tu, saratani ilisambaa kwa takriban 9 katika 100, karibu mara mbili ya makundi mengine. Nakuomba uyapokee kwa tahadhari, kwa sababu karibu wote walikuwa Wazungu na wengi walikuwa na saratani ya daraja la chini kuliko yako, nasi Waafrika tuna hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo mimi nisingekushauri ubaki na vipimo peke yake, lakini nakuhakikishia kwamba majuma machache ya kutafakari hayatakudhuru.

Tofauti kubwa iko kwenye madhara. Upasuaji huvujisha mkojo zaidi na hudhoofisha nguvu za kiume mara moja. Mionzi huzidhoofisha polepole, huweza kuleta haja kubwa ya ghafla au yenye damu, na zile sindano za homoni huondoa hamu ya tendo la ndoa na kuleta joto la ghafla mwilini kwa muda unaozitumia na miezi kadhaa baadaye.

Kuna jambo moja hukulitaja, baba: mkojo wako unatokaje kwa sasa? Mwenye tezi iliyobana njia ya mkojo anaweza kuzidiwa wakati wa mionzi, hata mkojo ukaziba, ilhali upasuaji huondoa saratani na kizuizi kwa pamoja. Pia moyo na presha yako vikoje kwa ajili ya usingizi wa upasuaji?

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Marahaba, wanangu, na ahsante kaka wa Arusha. Binti yangu, usiku naamka mara tano, na husimama muda mrefu kabla mkojo haujaanza kutoka. Nilidhani ni uzee, kwa hiyo sikumweleza daktari yeyote kati ya wale wawili. Presha yangu imetulia kwa dawa, na moyo haujapimwa. Alhamisi nitarudi kwa daktari wa upasuaji pamoja na mke wangu, nimweleze habari ya mkojo na nimwombe kipimo cha moyo. Mazoezi ya nyonga nimeyaanza asubuhi hii.