Mjadala: Kazi ikiisha, orodha ya watu ibaki kwa nani?

Mleta mada

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo kwa muda mrefu nimeisikia ikizungumzwa pembeni baada ya vikao, lakini sijaiona ikiwekwa mezani. Kampuni ndogo ya mawasiliano, ile ya watu watano au kumi wanaotuma ujumbe mfupi kwa niaba ya wengine, wanaoandaa majarida ya barua pepe au kupokea simu za wateja wa taasisi fulani, hukabidhiwa orodha ya watu: majina, namba za simu, anwani, pengine tarehe za kuzaliwa na kiasi ambacho kila mmoja anadaiwa. Kazi inafanyika, ankara inalipwa, mteja anaondoka. Orodha ile iende wapi?

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Nasema ifutwe, ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba, na kwamba kampuni inayobaki nayo kwa matumaini ya kuitumia siku nyingine, hata ikiwa na wafanyakazi wawili tu, inashikilia kitu ambacho hakijawahi kuwa chake.

Naandika haya kwa sababu nimefanya kazi katika ofisi ya namna hiyo na najua mambo yanavyokwenda. Mteja alikuwa akituma jedwali kwa barua pepe. Afisa aliyelipokea alilipakua kwenye kompyuta yake, akalisafisha, akalihifadhi kwa jina jipya, kisha akamrushia mwenzake kwa WhatsApp kwa sababu intaneti ya ofisi ilikuwa inasuasua, na mwenzake akaliweka kwenye flashi ili akalimalizie nyumbani. Siku moja mteja alituomba tumthibitishie kwa maandishi kwamba orodha yake ya watu elfu nne na ushee imefutwa. Tukaanza kuitafuta. Tuliikuta mahali kumi na moja, ikiwamo kompyuta ya mfanyakazi aliyekuwa ameacha kazi mwaka mmoja nyuma, katika faili lililoitwa "orodha mpya ya mwisho 2". Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, wala hakuna aliyeiba. Lakini yeyote ambaye angeichukua kompyuta ile angeondoka na watu elfu nne mkononi, na sisi tusingejua.

Hoja ninayoisikia zaidi kutoka kwa wanaopinga ni kwamba sheria za ulinzi wa taarifa binafsi ziliwalenga wakubwa, na kwamba kumbana mdogo kwa kipimo kile kile ni kumuua. Naomba tuangalie kisa kimoja kilicho wazi kwa umma. Februari 2020 shirika la hisani la HIV Scotland, ambalo halikuwa kubwa hata kidogo, lilituma barua pepe moja kwa watu 105 huku anwani zote zikiwa mahali ambapo kila mpokeaji anaziona, badala ya sehemu ya nakala iliyofichwa. Anwani 65 kati ya hizo zilimtambulisha mwenyewe kwa jina. Jina tu kuonekana kwenye orodha ya shirika linaloshughulikia VVU lilitosha kumfanya msomaji aanze kukisia afya ya mwenye jina hilo. Oktoba 2021 Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza, inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, ililitoza faini ya pauni 10,000. Kinachoniumiza katika kisa hiki ni kwamba shirika lilikuwa limekwisha kununua huduma iliyo salama zaidi ya kutuma barua kwa watu wengi, na miezi saba baadaye bado lilikuwa linaituma orodha ile kwa njia ya zamani. Walijua hatari na dawa walikuwa nayo. Udogo wa shirika haukupunguza hata chembe ya kilichowapata wale watu 65.

Kisheria nako jambo halina giza kama tunavyopenda kudai. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inamtenganisha anayeamua taarifa zitumike kwa lengo gani na anayezichakata kwa niaba yake, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 nazo zinawatenganisha wawili hao. Ibara ya 28 ya kanuni hiyo inataka mkataba useme kwamba huduma ikiisha, mchakataji atazifuta taarifa au kuzirudisha, kwa kadiri atakavyochagua aliyempa kazi, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine inamlazimu azitunze. Ibara hiyo hiyo inaongeza kwamba mchakataji akijiamulia mwenyewe lengo jipya, basi kwa lengo hilo atahesabiwa kuwa mwamuzi, na mzigo wote wa mwamuzi utakuwa wake. Kwa hiyo kampuni ndogo inayochukua namba ilizopewa na mteja wa kwanza na kuzitumia kumtangazia mteja wa pili haiwezi kujificha nyuma ya maneno "sisi ni watumaji tu".

Nawakaribisha, hasa ninyi mnaoendesha ofisi hizi.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, na kisa cha nakala kumi na moja kimenichoma, kwa kuwa sina uhakika kwamba ofisi yangu ingeonekana bora zaidi. Hata hivyo sikubaliani nawe. Mimi ndiye ninayesaini mkataba na ndiye ninayeitwa mambo yakiharibika, na kutoka kwenye kiti hiki jambo linaonekana tofauti.

Mteja huondoka akiwa ameridhika, kisha baada ya miezi minne anarudi akidai kwamba nusu ya ujumbe haukufika na kwamba anataka fedha zake. Nikiwa nimekwisha kufuta orodha, nijitetee kwa kitu gani? Wapo pia wanaopoteza orodha zao wenyewe na kuja kuniomba nakala kwa imani kwamba ninayo. Nikiwaambia nimefuta wananiona mzembe, na wanahamia kwa mwingine anayetunza kila kitu. Tena kuna hili ambalo hukuligusa kabisa. Mtu akijibu ujumbe na kusema asitumiwe tena, nawajibika kumheshimu. Nitamheshimu vipi ikiwa nimefuta hata namba yake? Mteja akirudi mwaka ujao na orodha ile ile ya zamani, yule aliyekataa atatumiwa upya, na safari hii kosa litatokana na usafi wangu.

Kuhusu ukubwa, hiyo kanuni ya Ulaya uliyoitaja yenyewe ilivyotungwa mwaka 2016 ilitambua udogo. Ibara ya 30 iliziondolea taasisi zenye wafanyakazi chini ya 250 wajibu wa kuandika kumbukumbu za shughuli zao za uchakataji. Kama waliotunga sheria kali kiasi hicho waliona kwamba mdogo anastahili nafuu, sioni kwa nini sisi tuwe wakali kuliko wao.

Mchangiaji wa pili

Mimi hushughulikia mitambo, si mikataba, kwa hiyo nitasema machache kuhusu neno "kufuta", kwa sababu naona mnalitumia kana kwamba ni tendo moja.

Faili likifutwa kwenye kompyuta bado lipo kwenye nakala rudufu, yaani nakala za akiba ambazo mfumo hujitengenezea. Hakuna mtu mwenye akili atakayefungua kila nakala ya kila usiku ili kumtoa mtu mmoja. Kinachofanyika kwa kawaida ni kuziwekea nakala hizo umri, tuseme siku 30, zikipita nakala inafutwa yenyewe, na kuweka daftari fupi la vitu vilivyofutwa ili siku mkilazimika kurejesha mfumo kutoka kwenye nakala, mvifute tena kabla ya kazi kuendelea. Ofisi nyingi zina nakala rudufu. Daftari hilo sijaliona mara nyingi.

Wengine husema wanabaki na orodha lakini namba wamezificha kwa heshi, yaani hesabu inayogeuza namba kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka. Kwa namba za simu huo ni ulinzi dhaifu mno. Namba yenye tarakimu tisa baada ya msimbo wa nchi haina zaidi ya uwezekano bilioni moja, na kompyuta ya kawaida inaweza kuujaribu uwezekano wote huo kwa dakika chache na kuzirudisha namba zote kama zilivyokuwa. Msiwaambie wateja wenu kwamba orodha haina watu tena, maana wamo.

Nawe ndugu mwenye ofisi, ushahidi unaouhitaji dhidi ya mteja msumbufu si orodha. Ni taarifa ya ufikishaji: maneno ya ujumbe, saa uliyotumwa, idadi iliyofika na iliyokwama, na namba ya rejea ya kila ujumbe kutoka kwa mtoa huduma wa mtandao. Mteja anabaki na orodha yake, wewe unabaki na rejea, na mkigombana mnaviweka pamoja. Mkumbuke pia kilichoipata Twilio, kampuni ambayo kazi yake hasa ni mawasiliano. Agosti 2022 wafanyakazi wake walipokea ujumbe mfupi uliojifanya umetoka kitengo chao cha teknolojia, ukiwaambia kwamba nywila zao zimekwisha muda, na baadhi yao wakaingiza nywila kwenye ukurasa wa uongo. Signal, programu ya kutumiana ujumbe iliyokuwa ikiitumia kampuni hiyo kuthibitisha namba, ilitangaza kwamba watumiaji wake wapatao 1,900 waliguswa. Kama wenye vitengo vizima vya usalama wanaweza kuingiliwa hivyo, ofisi ya watu sita isitegemee nywila. Orodha isiyokuwapo ndiyo ambayo hakuna wa kuiiba.

Mchangiaji wa tatu

Mimi sina kampuni wala si mtaalamu. Ni mmoja wa hao mnaowaita orodha. Nilijiandikisha kwa huduma moja, nikaiacha, na miezi kadhaa baadaye nikapokea ujumbe wa mkopo kutoka kwa watu nisiowajua, ukiniita kwa majina yangu matatu kwa mpangilio ule ule niliouandika kwenye fomu, pamoja na herufi moja niliyoikosea siku ile. Nilipowapigia kuuliza namba yangu wameitoa wapi, nilijibiwa kwamba ni kutoka kwa "washirika". Sikuwahi kuambiwa washirika hao ni nani. Naomba mnapobishana kuhusu siku na mikataba mjue kwamba herufi ile niliyoikosea inaendelea kusafiri, na mimi sina pa kwenda kuirekebisha.

Mleta mada

Nawashukuru. Naanza na wa tatu, kwa sababu alichokieleza ndicho kilichonifanya nilete mada hii. Kosa lile la herufi ni alama ya njia: linaonyesha kwamba hakuna aliyekusanya taarifa upya, bali faili lile lile lilinakiliwa na kukabidhiwa mwingine. Naamini hapo katikati palikuwa na ofisi iliyosema orodha ni mtaji wake.

Ndugu mwenye ofisi, kwa waliokataa kutumiwa ujumbe umenishinda na nakubali bila kinyongo. Nilisema ifutwe nikisahau kwamba kukataa nako ni taarifa, na kwamba ukiifuta unamnyang'anya mtu neno lake. Lakini naona mahali pake ni kwa mteja. Ofisi imkabidhi orodha ya waliokataa siku ya kufunga kazi, naye awajibike kuitumia kila anapotuma, kupitia kwako au kupitia kwa mwingine. Ukiitunza wewe peke yako, aliyekataa anaheshimiwa kwako tu, na mteja akihamia ofisi nyingine kukataa kwake kunaishia hapo.

Kuhusu ibara ya 30 sitarudi nyuma. Nafuu ile ya walio chini ya 250 ina masharti, na mojawapo ni kwamba uchakataji usiwe wa kawaida bali wa mara moja moja. Ofisi yako na ile niliyofanyia kazi zinachakata majina ya watu kila siku ya kazi. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Nafuu ile haikutungwa kwa ajili yetu, na hata ingekuwa yetu inahusu kuandika kumbukumbu, haigusi kabisa wajibu wa kuzilinda taarifa wala wa kuzirudisha.

Nimejaribu kuandika kifungu ambacho ofisi ndogo inaweza kukiweka kwenye mkataba bila kuajiri mwanasheria, nacho nakiweka hapa kikosolewe: "Kazi ikikamilika, mtoa huduma atamkabidhi mteja taarifa ya ufikishaji pamoja na orodha ya waliokataa kutumiwa ujumbe, na ndani ya siku 30 atafuta orodha ya wapokeaji kutoka kwenye kompyuta, simu na hifadhi zote za wafanyakazi wake, waliopo na walioondoka, na kumthibitishia mteja kwa maandishi yenye jina la aliyefuta. Nakala rudufu zitafutika zenyewe ndani ya siku 30 nyingine. Mtoa huduma hatatumia orodha hiyo kwa mteja mwingine yeyote wala kwa matangazo yake mwenyewe."

Mchangiaji wa kwanza

Sentensi ya mwisho naisaini leo. Siku 30 za kwanza ziwe 60, kwa sababu wateja wangu hawalipi ankara ndani ya mwezi na sitafuta kazi ambayo sijalipwa. Na hayo maneno "walioondoka" yamenifanya niinuke kwenda kuhesabu kompyuta. Nina mbili ambazo sijui ziko wapi.