Bibi wa leba anastaafu: chakula cha kumuaga tukifanyeje na zamu hazisimami?

MkungaWaPili
Habari za humu, na shikamooni wakubwa. Niko wodi ya wazazi, kituo cha afya mkoani Tanga. Tarehe 14 mwezi ujao mkunga wetu mkubwa anatimiza miaka 60, kwa hiyo anastaafu kwa lazima. Tunamwita Bibi wa leba. Siku yangu ya kwanza nilikuwa natetemeka, akanipa fetoskopu yake ya mbao, ile ya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, akaniinamisha kwenye tumbo la mama mjamzito, akasema, "Usiwe na haraka. Hesabu dakika nzima." Mpaka leo nahesabu dakika nzima.

Maandalizi nimekabidhiwa mimi. Tuko 18, kila mtu katoa 20,000, jumla 360,000. Wengine wanataka ukumbi na MC. Nimeulizia: sahani 15,000, soda mbali. Ukiweka Bibi, mumewe na wanawe wanne tunakuwa 24, hela yote imeishia kwenye sahani.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Leba haifungwi. Siku yoyote tutakayopanga watatu watakuwa zamu, na kila sherehe wanaobaki ni walewale wadogo, ambao Bibi ndiye aliyewalea kikazi. Nifanyeje?

Mama Pilau
Marahaba mwanangu. Ukumbi wa nini? Pikeni nyumbani kwa mmoja wenu. Watu 24, mchele kilo 6 na nyama kilo 5 mnakula mnasaza. Kachumbari katieni mwishoni isichuje maji. Na wa zamu wapakulieni kwanza, chungu kikifunuliwa tu, kwenye hotipoti yao. Msiwapelekee ukoko.

Mstaafu2019
Mimi niliagwa ukumbini. Risala saba, chakula kimeletwa saa 5 usiku, na mke wangu ana sukari. Nilikaa meza kuu namtazama yeye tu. Anzeni jioni mapema, na risala iwe moja.

Zawadi mpeni bahasha. Mshahara ukikoma, pensheni haiingii kesho yake. Bahasha ya wenzangu ndiyo iliyotulisha kipindi kile. Kuna watu watapendekeza mabati. Muulizeni kwanza mwanawe mkubwa, huenda nyumba imeshaezekwa.

Mkerezaji
Dada, ile fetoskopu bila shaka iko kwenye leja ya kituo, ataikabidhi. Mpelekee fundi wa kukereza aione, apime, atoe nyingine kama hiyo kwa mpingo. Mwambie tundu la katikati lipite sawasawa mwisho hadi mwisho na mdomo wake usuguliwe msasa hadi ulainike, isije ikawa pambo la kabatini.

MkungaWaPili
Wakubwa zangu, nimerudi. Tumemuaga Jumamosi, uani kwa muuguzi mfawidhi, tumeanza saa 10 jioni. Chakula kimekula 125,000, fundi 35,000, bahasha imetoka na 200,000. Aliyetaka MC alininunia hadi pilau ilipopakuliwa. Risala nilisoma mimi, ukurasa mmoja, na sikuumaliza. Mumewe ndiye aliyenipokea karatasi akanimalizia.

Saa 1 usiku Bibi akauliza nani yuko zamu. Nikamwambia. Akasema twende. Tukabeba hotipoti mbili, yeye kabeba zawadi yake kwenye kitambaa. Mlangoni kavua viatu vya sherehe, kavaa makubazi ya wodini, kanawa mikono hadi viwikoni. Kitanda cha dirishani kulikuwa na binti, uzazi wa kwanza, uchungu umeanza. Bibi kamwomba ruhusa kwanza, kisha kainama na ile fetoskopu mpya. Wote tukanyamaza, hotipoti mikononi. Nilikuwa naona midomo yake inavyohesabu.

"Mia na arobaini," akasema alipoinuka, na yule mdogo wetu wa zamu akaandika kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu.