Kupanga muhula wa Kiingereza Kidato cha Pili: tupeane uzoefu

Chaki Nyeupe
Salaam walimu wenzangu. Nafundisha Kiingereza Kidato cha Pili kwenye shule ya kata huku Chamwino, Dodoma, mikondo miwili, watoto 148. Januari inakaribia na safari hii sitaki kuandika azimio la kazi, ule mpango wa mada wiki kwa wiki, peke yangu. Mwenye kisa chake cha kupanga muhula akiweke hapa, hasa kile kilichomshinda. Naanza na changu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilinunua azimio kwenye kundi la WhatsApp kwa shilingi elfu mbili. Lilikuwa safi, mada zimejaa kuanzia wiki ya pili ya Januari hadi Juni. Nikabadilisha jina la shule, nikapeleka kwa mwalimu wa taaluma, likasainiwa. Aliyeliandika hakuwa mtu wa Dodoma. Mwishoni mwa Januari, mvua ikiwa imeshika na watu wanapalilia uwele na karanga, azimio langu lilikuwa kwenye wakati uliopita. Nikaufundisha kwa watoto 31 kwenye mkondo wa watoto 74. Wengine waliporudi kutoka shambani nikaanza upya, na wale 31 wakachoka, wakawa wanachorachora nyuma ya madaftari. Aprili uwele ukatoa masuke, wakaondoka tena kwenda kuamia ndege. Kwenye karatasi nilikuwa nimemaliza mada. Darasani nilikuwa nyuma wiki nne.

Siku hizi kabla ya kuandika mada yoyote naikata kalenda kwanza. Natoa Mapinduzi, siku ya Karume tarehe 7 Aprili, Muungano, Mei Mosi, Pasaka, Idd zikiangukia humo, mitihani ya nusu muhula, na mazoezi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, yanayonichukulia vijana wangu wazuri mwezi Mei. Ratiba inanipa vipindi vitano kwa wiki, na kwa wiki 19 hiyo ni 95. Mwaka jana nilihesabu vile nilivyoingia kweli, vikawa 61. Sasa napanga vipindi 60. Ninyi mnafanyaje?

Babu Kaunta
Mwalimu Chaki, vipindi umevihesabu vizuri. Hesabu na madaftari.

Nina miaka 22 kazini, nipo Mpwapwa. Zamani nilitoa insha kila Ijumaa, nikiamini mwalimu mwenye bidii ni yule anayetoa kazi nyingi. Insha moja ukiisoma kwa haki haipungui dakika tatu. Kwa watoto wako 148 hiyo ni dakika 444, saa saba na dakika 24 bila kuinua kichwa, na bado una vipindi, una zamu, una nyumba yako. Ikafika mahali naweka vema bila kusoma.

Siku moja binti mmoja alinifuata ofisini na kaunta lake, yale madaftari makubwa ya jalada gumu. Alikuwa ametoka kuadhibiwa kwa utoro, fimbo mbili na kufagia uwanja. Hakusema kitu. Alifungua ukurasa akaweka kidole. Katikati ya insha ya Kiingereza aliandika mstari mmoja kwa Kiswahili: "Mwalimu naomba ruhusa kesho mama anajifungua niko naye peke yangu." Vema yangu nyekundu ilikuwa imepita juu ya mstari ule, kuanzia neno "ruhusa" hadi "mama".

Tangu siku hiyo natoa insha nne kwa muhula, na zote nazisoma. Mkondo A unaandika wiki hii, B wiki ijayo, ili nisipokee rundo zima kwa mpigo. Kila insha nasahihisha jambo moja tu nililowatangazia mapema. Kama ni nyakati za vitenzi, basi ni nyakati. Tahajia nitaidai kwenye insha ya tatu.

Mwl wa Bahi
Shikamoo mwalimu Babu. Hiyo ya jambo moja naichukua, maana kalamu yangu ilikuwa inafanya ukurasa mzima mwekundu na mtoto hajui aanze kurekebisha wapi.

Nyongeza yangu ni ndogo. Wiki ya kwanza simfundishi mtu kitu. Nawaambia waandike nusu ukurasa kuhusu nyumbani kwao, halafu makosa yao ndiyo yananipangia muhula. Mwaka huu yaliyoongoza yalikuwa "I have fourteen years" na "my mother he is cooking". Mtoto hajakosea kwa uzembe. Amefikiri "nina miaka 14", akabeba hivyo hivyo. Na "anapika" yetu haisemi kama mpishi ni mwanamke au mwanamume, Kigogo nacho hakisemi. Nilipowaonyesha hilo ubaoni, lugha tatu zikiwa zimepangwa sambamba, "he" na "she" zilikaa ndani ya wiki moja. Kabla ya hapo niliwahi kupigana nazo muhula mzima.

Mtoto wa Kibaigwa
Mada ya kuelekeza njia: kitabu kilikuwa na ramani ya mji wenye posta, maktaba na taa za barabarani. Wanangu walinakili wakanyamaza. Muhula uliofuata nikasema kuna dereva wa lori katoka Dar, anatafuta soko la mahindi la Kibaigwa, akishashusha tela anataka kula, halafu gereji. Mwelekezeni kwa Kiingereza. Walibishana hadi kengele ikalia, kwa Kiingereza cha kuvunjika lakini Kiingereza. Kijana mmoja alitaka kumwonya dereva kuhusu lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Neno lake kwa Kiingereza hata mimi sikuwa nalo. Akaandika "a sack that has passed its own mouth". Sentensi ile niliibandika ukutani hadi Juni.

Miamba ya Kondoa
Mimi nililia. Kolo iko karibu nasi, na michoro yake ya miambani imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Nikapanga ziara wiki ya tano, na kazi tatu zikaitegemea: maelezo ya mahali, barua ya shukrani, na mahojiano na mwongoza wageni. Gari lililoahidiwa halikuja. Mpango wangu ukawa na shimo la wiki tatu. Aliyeniokoa ni mwanafunzi anayeishi njia ya Kolo, akasimama mbele, wenzake wakamhoji. Siku hizi ziara naiweka, lakini hakuna kazi inayoisubiri.

Novemba Yaja
Wakuu, haya ni mazuri ila Novemba kuna upimaji wa taifa. Chini ya 30 ni F, na mwenye kurudia darasa si wewe. Mimi napiga mitihani iliyopita tangu Februari.

Mwl wa Bahi
Ndugu, nilifanya hivyo miaka miwili. Mtoto anajua swali la ufahamu linakaa wapi kwenye karatasi, ila ufahamu wenyewe hasomi. Mitihani iliyopita naianza Agosti.

Chaki Nyeupe
Asanteni sana. Mimi nipo na Mwl wa Bahi, ingawa hofu ya Novemba Yaja naielewa, naibeba pia. Usiku huu nimekaa na kandili, nimefuta wiki zangu za kwanza. Januari hadi katikati ya Februari nitaweka mazungumzo na kusikiliza, vitu ambavyo aliyekuwa shambani anaweza kudandia akirudi. Insha ni nne, ya kwanza mwishoni mwa Februari. Kazi za nyumbani za kuandika nimezitoa kabisa, kwa sababu jioni wanachota maji na kurudisha ng'ombe, na nyumbani hakuna wa kumuuliza Kiingereza. Badala yake nawaachia dakika kumi za mwisho za kipindi.

Swali langu kwa Babu Kaunta: mwalimu wa taaluma wetu anadai kazi kumi kwa kila mwanafunzi, na anahesabu. Wako ulimwambiaje?

Babu Kaunta
Marahaba wanangu. Sikumwambia. Nilimpelekea madaftari manne niliyoyasoma na manne niliyoyawekea vema tu, nikaweka la yule binti juu, nikamwachia mezani, akaenda nayo nyumbani Ijumaa. Jumatatu aliniuliza insha ya pili itakuwa lini.