Nikizima seva moja kwenye lodi balansa, waliokuwa wanalipa wanakatikiwa. Nifanyeje?

mtu_wa_shangani
Assalaam alaykum jamani naomba msaada. Tuna saiti ya kukatia tiketi za boti, seva mbili (s1 na s2) nyuma ya HAProxy, ndo lodi balansa yetu inayowagawa wateja kwenye seva, juzi usiku nkataka kufanya apdeti s2 nkasema si s1 ipo, nikaizima moja kwa moja. Kumbe mna watu walikuwa katikati ya kulipa, asubuhi mama wa watu yuko Malindi bandarini pesa ishakatwa kwenye simu tiketi hana na boti inaondoka. Wallahi imeniuma. Seva inatolewaje bila ya kumkata mtu?

yakhe_502
Waalaykum salaam, pole yakhe. Ifanye kama gari ya Bububu inayotaka kwenda gereji, konda hapakii tena Darajani lakini waliomo wanateremshwa kila mtu kituoni kwake. Andika kwenye soketi ya HAProxy, pale inapopokelea amri (iwe na level admin; tiketi hapa ni jina la kundi la seva kwenye konfigi):

`set server tiketi/s2 state drain`

halafu tazama `show stat`, safu ya scur (idadi ya waliomo sasa hivi), ikifika 0 ndo uzime.

mtu_wa_shangani
Ahsante sheikh, nimejaribu jana lakini karibu saa nzima scur inashuka inapanda, 0 haifiki

fundi_chakechake
Hiyo kuki hiyo, ile alama anayowekewa mteja kwenye brauza ijulikane yeye ni wa seva gani. drain inazuia wageni tu, mwenye kuki ya s2 kila akibonyeza anarudishwa kulekule. Koneksheni zikishapungua weka `state maint` (matengenezo), hapo hata wenye kuki wanapelekwa s1 na koneksheni zilizokwisha funguka zinaachwa zimalize, ila angalia kwenye konfigi kama mna on-marked-down shutdown-sessions maana hiyo inazikata papo hapo. Na sesheni (kumbukumbu ya nani kaingia) kama mnaziweka kwenye memori ya seva basi s1 haitomjua mtu, ataambiwa aingie upya, zihamishieni Redis (hifadhi ya data ya pembeni inayosomwa na seva zote) au kwenye databesi.

Websoketi (koneksheni zinazoachwa wazi muda wote) usizingoje, zile zinaweza kukaa mchana kutwa. Weka muda, lodi balansa za AWS (seva za kukodi za Amazon) kwa kawaida wanangoja sekunde 300, ukipita unazifunga kwa `shutdown sessions server tiketi/s2`. Programu nayo ikipata SIGTERM (ishara ya kuambiwa izime) iache kupokea mpya imalize iliyonayo, systemd (inayowasha na kuzima programu kwenye Linux) inaisubiri sekunde 90 usipobadilisha, baadae inaiua.

Lakini yule mama hata drain isingemtosha, seva inaweza kuzimika na umeme ukakatika tu. Oda iandikwe kwenye databesi KABLA hujamtuma kulipa, na jibu la malipo (taarifa kutoka kwa wanaopokea pesa kuwa imelipwa) lipige kwenye anwani ya lodi balansa, lisipige kwenye IP ya s2. Hapo s2 ikifa, s1 inapokea jibu inaiona oda inatoa tiketi. Na jibu likija mara mbili isitoe tiketi mbili, angalia namba ya oda kwanza.

mtu_wa_shangani
Loh, jibu la malipo kweli linakuja kwenye IP ya s2! Naanza na hilo leoleo, apdeti nyengine itangoja.

yakhe_502
Na yule mama mrejeshee pesa yake kabla ya yote