Nitengeneze mwenyewe kitanda na kabati, au ninunue vya bei chee?

Kijana wa Chanika

Habari za jioni wakuu.

Mwezi ujao Mungu akipenda nahamia kwangu Chanika. Nyumba haijaisha, ni vyumba viwili tu vyenye dari na sakafu, lakini kodi ya Tabata imenichosha. Shida iliyobaki ni samani. Kitanda tunachotumia namwachia mdogo wangu. Kabati tulinunua dukani, la chipubodi, lina kioo kizuri kabisa, ila limevimba chini kama andazi. Mke wangu akipiga deki maji yanafika miguuni, na sasa mlango mmoja haufungi mpaka uunyanyue kwa goti.

Nimezunguka Keko na pale kwa mafundi wa barabarani. Kitanda cha paini cha 5 kwa 6 nimetajiwa 180,000, unaondoka nacho leo leo. Chenye mbavu nene ni 350,000. Bei ya mninga niliuliza nikanyamaza.

Mimi si seremala, ila nimekua namuona marehemu baba akifanya. Ameniachia randa, patasi 3 na skwea. Drili ya shemeji ipo. Nawaza wikiendi nitengeneze kitanda, meza, stuli 4 na kabati la nguo. Mama watoto anasema natafuta kisingizio cha kununua vifaa. Je, inalipa, au nijinunulie tu yaishe?

Mtu Kwao

Nunua mkuu. Wikiendi ni ya mpira.

Randa na Patasi

Mkuu, kazi hii ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nisikilize bila kunidhania kwamba nalinda soko langu.

Kitanda ukitaka, tengeneza. Meza na stuli pia. Kabati la nguo achana nalo kwanza. Kitanda ni mbao nne na matendegu, kikipishana nusu sentimita hakuna atakayejua, godoro linafunika. Kabati lina milango. Mlango ukipishana milimita 3 kila anayeingia chumbani anauona, na droo ndiyo usiseme.

Kuhusu hilo lililovimba: chipubodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Uso wake una karatasi laini inayozuia maji, lakini ukingo wa chini mara nyingi wanauacha wazi kwa sababu hauonekani. Maji yanapandia hapo, chembe zinavimba na hazirudi tena. Ukinunua jingine la aina hiyo, siku ya kwanza lilaze, paka ukingo wote wa chini rangi ya mafuta mara 2, kisha lipigie miguu ya plastiki ya inchi 2 hivi. Litakaa miaka.

Sasa mbao. Hapa ndipo wengi wanaumia, wala si kwenye msumeno. Paini nyingi tunayouziwa Dar inatoka Mufindi na Njombe, na inashushwa kwenye lori bado mbichi. Ukiishika unasikia ubaridi, na ni nzito kuliko inavyostahili. Ukiunga kitanda leo kwa mbao hiyo, ikikauka maungio yanalegea na chaga zinaanza kupiga kelele usiku. Nunua mapema, zipange ndani kwenye hewa, kati ya mbao na mbao weka vijiti vya unene mmoja, juu weka mzigo. Usizianike juani, zitapasuka vichwani.

Utajuaje zimekauka? Kata kipande kifupi, si kile cha mwisho kabisa wa mbao, kapime kwenye mizani ya muuza mchele, andika. Kila wiki kipime tena. Kikiacha kupungua, mbao imefikia unyevu wa hewa ya hapo kwako. Anza kazi.

Kijana wa Chanika

Randa na Patasi, shukrani sana. Kuna jamaa ananiuzia mbao za kijanijani zilizobaki kwenye kupaua, bei nzuri. Anasema hazili mchwa.

Randa na Patasi

Hizo zina dawa ya kuezekea. Ule ukijani ni shaba, na humo kuna kromiamu na aseniki. Paani sawa, kitandani usilete. Ukizipiga msasa unavuta vumbi lake, na mabaki yakifika jikoni mtu akayawasha ndiyo mbaya zaidi. Mwambie mama watoto vipande hivyo visiwe kuni kabisa.

Mama wa Watatu

Mimi niongee kwa upande wa sisi tunaowangoja mafundi. Niliagiza kitanda kwa fundi mmoja, nikalipa nusu. Nikaambiwa Ijumaa. Ijumaa akasema vanishi haijakauka. Wiki iliyofuata simu haipokelewi, nikaenda mwenyewe, kitanda changu kimeuzwa kwa mteja aliyepita barabarani na pesa taslimu. Nilipewa kingine mwishoni, lakini mbavu moja ya mninga na nyingine sijui ni nini, zimepakwa rangi zifanane. Kwa hiyo kaka, kama mikono unayo, tengeneza.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo hujaitaja. Samani za mtumba. Watu wanaohama Masaki, Mikocheni na Oysterbay wanauza vitanda vya mninga na msaji vilivyokwisha kukaa miaka 20. Mbao ile imeshakauka, haina pa kwenda tena. Vanishi imechakaa, mtu anaona kitu cha zamani, anakuachia kwa bei ya paini mpya. Unapiga msasa, unapaka upya. Ila geuza kila kipande uangalie kwenye maungio: madoa meusi ya kunguni, na vitundu vidogo vyenye unga unga. Unga mpya mweupe chini yake maana yake bungua bado wanakula. Acha hapo hapo.

Mzee Hesabu

Naona ushauri mwingi ila hakuna aliyepiga hesabu. Kijana, orodhesha mbao za kitanda hicho kwa bei ya hapo ulipo, tuone.

Kijana wa Chanika

Nimepita kwa muuza mbao leo, zote futi 12, paini:

2 kwa 6, mbili (mbavu, kichwani na miguuni): 36,000
2 kwa 4, tatu (matendegu na ya katikati): 33,000
2 kwa 2, moja (ya kulalia chaga): 5,000
1 kwa 8, moja (ubao wa kichwani): 15,000
1 kwa 4, sita (chaga 12): 36,000

Jumla 125,000. Kupiga randa mashineni 15,000. Gundi, boliti, skrubu na msasa 20,000. Sila (ya kupaka kabla ya vanishi), vanishi na tina 25,000. Kirikuu mpaka Chanika 15,000. Nafika 200,000 kamili, na msumeno sijaweka.

Mzee Hesabu

Ndiyo nilichotaka kukiona. Umezidi cha 180,000 kwa 20,000 na hujajilipa hata soda.

Mtu Kwao

Nilisema mpira.

Randa na Patasi

Mzee, hesabu ni sahihi ila unalinganisha vitu viwili tofauti. Hicho cha 180,000 nakijua, mimi mwenyewe navitengeneza mwezi wa ada. Mbavu zake ni mbao ya inchi 1, si 2. Chaga 7. Mahali pa boliti kuna misumari ya inchi 4. Katikati hakuna mguu, kwa hiyo watu wawili wakilala, chaga zinabonyea na godoro linafanya shimo. Mbao ilikuwa mbichi, ndiyo maana imepakwa rangi nzito ya kahawia. Kitanda cha kijana, mwenzake ni kile cha 350,000. Hapo ameokoa 150,000, na hiyo ndiyo malipo yake ya wikiendi.

Anayedhani atajitengenezea kitu rahisi kuliko kile cha rahisi kabisa barabarani ajue haiwezekani. Sisi tunanunua mbao kwa lori, na mabaki ya kitanda yanageuka stuli. Wewe mabaki yako yanakaa uani.

Pwani Shamba (Unguja)

Huku kwetu seremala bado anafanya kwa mfenesi. Mbao ya manjano, ikikaa inakolea rangi, inashika msasa vizuri. Kama una mti wa mfenesi uliozeeka shambani kwa wazee, ulizia kabla haujachomwa mkaa. Mwembe usijisumbue, bungua wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda embe.

Bin Fundi

Mninga mtu asije akakuuzia usiku kwa bei ya kutupa. Miti ya asili kama mninga, mkongo na mvule huvunwa kwa leseni na husafirishwa kwa kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali. Ukikamatwa nayo kwenye kirikuu bila karatasi wewe ndiye mwenye kesi, aliyekuuzia hayupo. Chukua risiti ya duka hata kama ni mbao tatu.

Na wanaokwambia tumia paleti: tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. HT ni mbao iliyopashwa joto, hiyo sawa. MB imefukizwa methyl bromide, usiiingize ndani. Isiyo na muhuri hujui ilibeba nini, ipite.

Kijana wa Chanika

Nimewaelewa. Swali kwenye kuunga. Baba alikuwa anachonga ulimi kwenye mbao moja na tundu kwenye nyingine. Kwenye video naona watu wanapiga skrubu tu. Nifuate kipi?

Randa na Patasi

Matendegu na mbao za kichwani na miguuni chonga ulimi na tundu, kwa sababu hapo hutafungua tena. Ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao: mbao ikiwa inchi moja na nusu baada ya randa, ulimi ni nusu inchi. Pima kwa patasi yako mwenyewe, sio kwa futi kamba. Patasi ya nusu inchi itakupa tundu la nusu inchi. Ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo umebana sana, utapasua tendegu. Ukiingia wenyewe umelegea, gundi haitakuokoa.

Mbavu ndefu zifunge kwa boliti za milimita 10, mbili kila kona, moja juu ya nyingine, na washa kubwa (kile kipete bapa cha chuma). Kitanda kisichofunguka hakipiti mlangoni. Nyumba haijaisha, utakihamisha chumba hadi chumba mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Kwenye meza kuna jambo moja. Mbao inapanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisogei. Ukigandisha uso wa meza kwenye fremu kwa gundi pande zote, kiangazi kikija utasikia "pa!" usiku, imepasuka katikati. Usipake gundi hapo. Funga kwa skrubu kutoka chini, na tundu la skrubu kwenye fremu ulirefushe kidogo kwa kuelekea upana, mbao ipate pa kwenda.

Mama wa Watatu

Na vanishi pakia nje, tafadhali. Kitanda kikiingia ndani na harufu ya tina watoto hawalali.

Kijana wa Chanika

Basi wakuu, nimeamua hivi. Kitanda na meza natengeneza. Stuli nitaanza nazo, nizoeshe mkono kwenye kitu kidogo. Kabati naliacha: nitapiga bomba ukutani na pazia mbele mpaka nipate la mtumba kama alivyosema Mama wa Watatu. Hili lililovimba nitang'oa kioo, kingine kitajulikana. Mama watoto amekubali, kwa sharti msumeno uwe mmoja.

Mbao nimeshanunua na zimelala kwenye vijiti. Ila moja ya 2 kwa 4 naona imeanza kupinda kama upinde. Niirudishe?

Randa na Patasi

Hatapokea. Usiitumie kwa ile ya katikati ya kitanda, hapo inatakiwa iliyonyooka. Hiyo katia matendegu mafupi ya miguuni na miguu ya stuli. Kwenye kipande cha futi moja na nusu mpindo unabaki mdogo kiasi kwamba randa inaumaliza. Kata kwanza, randa baadaye.