Mashairi na taarab si vichekesho vya kuuzia bando

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia, sasa basi.

Kuna tangazo la mtandao mmoja wa simu linarushwa kila taarifa ya habari ikiisha. Mzee wa kanzu na kofia anaghani shairi. Watu wanapiga miayo, mmoja kasinzia kabisa. Mara anaingia kijana na spika begani, singeli inalipuka, wote wanaruka, mzee naye anatupa karatasi lake na kuanza kukatika. Bei ya bando hiyo hapo. Kwisha.

Yaani shairi limekuwa dawa ya usingizi? Na kinachoniudhi zaidi, kibwagizo cha tangazo hilo hilo kina vina! Wamekaa kwenye ofisi zao zenye kiyoyozi wakahesabu mizani ili maneno yatukae kichwani, halafu wanamcheka mwenye fani yake.

Singeli sina ugomvi nayo. Shughuli ya uswahilini bila singeli si shughuli. Lakini juzi tu hapa hawa hawa walikuwa wanaiita muziki wa wahuni, leo imejaza viwanja ndiyo wanaikumbatia.

Sasa geuza chaneli, kuna benki inatafuta wateja wenye fedha. Humo kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na fidla zinalia taratibu, mwanamama kajitanda, udi unafuka, sauti nzito inatukaribisha kwenye "hadhi yako". Hiyo ni taarab, yaani mashairi yale yale yakiimbwa! Yakiuziwa mtu wa bando la buku ni uzee, yakiuziwa mwenye nyumba ya ghorofa ni ustaarabu. Nani kawaambia mwenye buku hana masikio?

Hata historia hawaijui. Ndiyo, taarab ilianzia kwa wakubwa. Sultani Barghash wa Zanzibar ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, na kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilipoundwa mwaka 1905 kilikuwa kinaimba Kiarabu. Ila Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu, aliimba Kiswahili, akaimba habari za mahakimu na za wanyonge, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodiwa na HMV. Santuri zikanunuliwa mpaka kampuni nyingine, Odeon na Columbia, zikaja mbio kutafuta waimbaji wa pwani. Hiyo ilikuwa biashara ya muziki wa mtaani kabisa, wateja wake wakisikiliza gramafoni za jirani. Leo mjukuu wa wateja wale anaambiwa kanuni si saizi yake.

Tusijitoe na sisi, maana tangazo la yule mzee sebuleni kwangu wanalicheka kila siku, na watu wa matangazo wanajua tunacheka. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021 mimi barabarani sikuona bango hata moja la kumpongeza. Mshambuliaji akifunga mawili kwenye dabi, asubuhi sura yake iko juu ya soda.

Nimewapigia huduma kwa wateja. Binti wa watu kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ningependa kujiunga na kifurushi cha wiki.

Mwenye kujua kama malalamiko ya namna hii yanapelekwa TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, au BASATA, wale wa baraza la sanaa, anielekeze. Na asije mtu hapa kuniambia nizime TV, king'amuzi nalipia mwenyewe.