Majirani Kitangiri: dawa ya minyoo Jumamosi

ALHAMISI

[18:02] Mama Kabula: Majirani, habari za jioni. Jumamosi saa tatu, uwanja wa kanisani, nesi atatoa dawa ya minyoo kwa watoto waliokosa shuleni na wadogo kuanzia mwaka mmoja. Nataka majina leo. Leo hii hii.

[18:41] Mama Kabula: Tiki za bluu nazihesabu. Kajibu nani? Hakuna.

[19:15] Baba Pendo: Samahani Mama Kabula. Pendo kifua kinapiga filimbi usiku. Nimeambiwa ni minyoo, akimeza hiyo dawa pumu inaisha. Kweli?

[19:19] Happy Maabara: Siyo hivyo, Baba Pendo. Mtoto akimeza mayai ya askarisi, ile minyoo mirefu ya mviringo, viluwiluwi hutoboa utumbo, hufuata damu hadi mapafuni, hupanda kooni na kumezwa tena. Wiki moja au mbili baada ya kuyameza ndipo anakohoa na kubanwa, kisha hupoa kwenyewe. Wakati huo ukipima choo huoni yai, maana minyoo huanza kutaga baada ya miezi miwili hivi. Kwa hiyo jibu la "choo safi" halimalizi kitu. Ila kifua kinachorudi mara kwa mara, kwa vumbi, moshi au mafua, kitazameni kama pumu.

[19:21] Juma Duka la Dawa: Viluwiluwi vinapanda mapafuni kama daladala ya Buhongwa 😂 kooni shusha!

[19:22] Mama Kabula: Juma, majina.

[19:30] Mwl. Mabula: Mbona wengine wanasema minyoo inazuia aleji, na ukiitoa ndiyo pumu inakuja?

[19:38] Happy Maabara: Hawajatunga, mwalimu, ila wanakata maneno nusu. Minyoo inayokaa muda mrefu huituliza kinga ya mwili isiishambulie, na mzio nao unaweza kutulia. Tafiti nyingi zikijumlishwa, wenye minyoo ya safura wanaonekana kuwa na pumu kidogo kuliko wengine. Wenye askarisi ni kinyume, wana zaidi. Entebbe wajawazito walipewa albendazoli, dawa ya minyoo, watoto wao wakapata pumu ya ngozi zaidi. Lakini visiwani Koome, Ziwa Victoria letu hili hili upande wa Uganda, vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa: vingine dawa kila miezi mitatu, vingine ratiba ya kawaida. Baada ya miaka mitatu kubanwa kifua hakukutofautiana. Hayo yalichapishwa 2018. Safura inakula damu, kichocho kinaharibu ini. Kumwachia mtoto minyoo eti imkinge na mzio, mimi siwezi kumshauri mtu.

[19:44] Juma Duka la Dawa: Haya, kazi. Albendazoli: mwaka mmoja hadi kabla ya miwili, nusu kidonge, yaani mg 200. Miwili na zaidi, mg 400 mara moja. Kwa wadogo saga, changanya na maji. Anayelia msimbane pua, atapaliwa. Prazikwanteli ya kichocho ni mg 40 kwa kila kilo, kidonge kina mg 600: kilo 15 kimoja, kilo 30 viwili. Awe AMEKULA, la sivyo ni tumbo na kutapika. Mwenye homa kali asubiri. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo asimeze kabisa.

[19:50] Mama Tumaini: Na michango ya choo cha mwaloni, pale ufukweni? Watoto wanajisaidia majini. Jumamosi dawa, mwezi ujao kichocho kingine.

[19:51] Mama Kabula: Mama Tumaini, tusianze.

[19:52] Mama Tumaini: Nimeuliza tu. Elfu kumi kumi.

[19:53] Juma Duka la Dawa: Saruji ilimezwa kabla ya kula 😂

[19:55] Baba Pendo: Naomba jibu la Pendo jamani.

[20:04] Happy Maabara: Asiache pampu yake ya pumu. Ili avute dawa vizuri, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa pampu bila kuvuja. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, dawa inanata kwenye plastiki. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, avute pumzi tano sita kupitia mdomo wa chupa. Ndipo utikise tena na kubonyeza. Mbavu zikiingia ndani, au akashindwa kuongea au kunywa, ni hospitali usiku huo huo, siyo Jumamosi. Na Juma, prednisoloni, ile dawa ya steroidi, bila cheti usitoe. Mtoto mwenye strongiloidesi, aina nyingine ya minyoo, akipewa hiyo, minyoo inazaliana mwilini na kusambaa, na albendazoli ya dozi moja haiiwezi.

[20:06] Juma Duka la Dawa: Sitoi, dada.

[21:48] Babu Masanja: Nimesoma yote. Aliyeshika fedha za choo yumo humu. Jumamosi watoto wanywe dawa. Jumapili baada ya ibada aje kwangu na daftari.

[21:49] Baba Pendo: Shikamoo Babu.

[21:57] Mwl. Mabula: Shikamoo Babu. Wabeja, asante.

[22:20] Mama Kabula: Shikamoo Babu. Nimesikia. Majina mpaka sasa ni Pendo peke yake.

IJUMAA

[06:33] Mwl. Mabula: Wangu wawili, kilo 14 na 22. Lakini kesho uwanjani kuna harusi, mlijua?

[06:35] Mama Kabula: Basi kwa Mama Tumaini, ana kivuli.

[07:10] Mama Tumaini: Sijasema ndiyo.